Samuye: Mpunga na ngitili vinapogombea udongo mmoja

KATIKA hesabu za serikali, ardhi ya Samuye, kata iliyo kando ya barabara ya kutoka mjini Shinyanga kwenda Tinde, ni ya aina moja: ardhi ya kijiji. Mkulima wa Kisukuma anayeilima huitambua kwa aina zisizopungua tatu, na kila aina ina jina lake, kazi yake na majira yake ya kutumika. Tofauti hiyo ya hesabu ingebaki kuwa jambo la wataalamu wa udongo, kama isingekuwa na ugomvi ndani yake. Ni ugomvi unaoamua, mwaka hadi mwaka, nani abaki na ng'ombe, nani alime mpunga na nani ahame.

Ugomvi huo hauna kelele. Haujafika katika kurasa za mbele za magazeti, kama yalivyofika mapigano ya wakulima na wafugaji wilayani Kilosa ya Desemba 2000, ambayo yaliua watu zaidi ya 30. Kilosa kulikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na watu wake. Usukumani mkulima na mfugaji mara nyingi ni mtu mmoja, na mvutano hutokea ndani ya mji mmoja: kati ya ekari ya mpunga na ekari ya nyasi.

Ili kuuelewa mvutano huo, ni lazima kwanza kuitazama ardhi yenyewe kama wenyeji wanavyoitazama.

Ngazi ya udongo

Mkoa wa Shinyanga hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa wastani wa kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka. Mvua hizo hazitabiriki. Aghalabu hukatika Januari au Februari, wakati mazao yakiwa machanga. Kwa sababu hiyo, mahali maji yanapokwenda baada ya kunyesha ni jambo kubwa kuliko kiasi kilichonyesha.

Nchi ya Usukuma ina vilima vya mawe ya matale, miteremko mirefu isiyo mikali, na mabonde mapana yaliyo tambarare. Sehemu za juu zina udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Udongo huo ni mwepesi hata kwa jembe la mkono, na ndiko ambako kwa muda mrefu familia zimejenga na kulima karanga, mihogo, viazi vitamu na mtama. Kasoro yake ni kwamba hauhifadhi maji na huchoka upesi usipotiwa samadi.

Chini kabisa, bondeni, kuna mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ulimbo masika. Humo hustawi pamba na mahindi, na mvua zinapokaribia kwisha hupandwa dengu, ambazo hukua kwa kutegemea unyevu uliobaki ardhini. Pembezoni mwa ngazi hiyo kuna aina nyingine, kama ikungu, udongo mwekundu, na ibushi, udongo wenye chokaa unaosifiwa kwa rutuba.

Kati ya luseni na mbuga upo udongo ambao ndio kiini cha habari hii. Unaitwa itogolo. Juu una tabaka jembamba la kijivu, na chini yake tabaka gumu lisilopitisha maji. Kiangazi huwa mgumu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji husimama juu yake. Mahindi hayaupendi, pamba haiupendi, na jembe la mkono haliuwezi.

Mpangilio huo wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni ulipata jina katika sayansi kutokana na kazi iliyofanyika katika nchi hii. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kwenye mteremko kwa utaratibu uleule, kilima baada ya kilima, akauita utaratibu huo katena, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Jina hilo leo limo katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote.

Mnyororo ni jina linalofaa, kwa kuwa pete ya chini hutegemea ya juu. Maji na rutuba vinavyotoka luseni huishia mbugani. Na maisha ya familia yamefungwa vivyo hivyo: luseni hutoa chakula, mbuga hutoa fedha, na itogolo, ardhi iliyodharauliwa na jembe, hutoa nyasi. Ng'ombe ndiye anayezifunga pete zote, kwa kuwa hula chini na kuipeleka samadi juu.

Kudharauliwa, kufa na kufufuka

Hapo ndipo ilipo ngitili. Kwa desturi ya Wasukuma, ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila kuguswa, kisha kufunguliwa katikati ya kiangazi, malisho ya wazi yanapokuwa yamekwisha. Ziko ngitili za familia na ziko za kijiji. Zimekuwa zikilindwa kwa kanuni zilizopitishwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi, na kusimamiwa na sungusungu. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hutozwa faini iitwayo mchenya. Mahali panapofaa zaidi kwa ngitili ni pale pasipofaa kwa jembe, na kwa hiyo sehemu kubwa ya ngitili iliangukia kwenye itogolo na kandokando ya mbuga.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Katika miaka ya 1920 na 1930 mapori ya Shinyanga yalifyekwa kwa wingi katika vita dhidi ya mbung'o. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilipanua mashamba, na mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliowahimiza watu kupunguza mifugo na kuhamia upande wa Geita. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Familia zilihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika na kupelekwa katika vijiji vya pamoja. Ngitili zao zikabaki nyuma bila mlinzi, na kisichokuwa na mlinzi kikawa cha kila mtu.

Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kuwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Julius Nyerere aliitembelea mwaka 1984 na kushtushwa na hali aliyoikuta, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana zaidi kwa kifupi cha HASHI, kwa msaada wa Norway. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya zamani, kabla mkoa huo haujagawanywa mwaka 2012 na baadhi ya wilaya zake kwenda Simiyu na Geita.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa miche. HASHI ilianza kwa kugawa miche kama miradi mingine, lakini kilichorudisha miti ni kuwarudishia wananchi mamlaka ya kufunga ardhi yao wenyewe kwa kanuni walizozijua. Migunga mingi inayoonekana leo haikupandwa na mtu, iliachwa iote. Mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa faida za ngitili zilifikia thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Kuni, asali, nyasi za kuezekea, dawa, matunda ya porini na maji vilihesabiwa pamoja na malisho.

Habari hiyo imesimuliwa katika mikutano mingi ya kimataifa. Isiyosimuliwa sana ni kwamba wakati nyasi zilipokuwa zikirudi juu ya itogolo, mgeni mwingine alikuwa akiupanda mteremko kuufuata udongo huohuo.

Mpunga unapanda mteremko

Mgeni huyo ni mpunga. Mkulima huinua matuta ya udongo kuzunguka kipande kidogo cha shamba, akapata jaruba. Majaruba kadhaa yakipangwa kufuata mteremko hukusanya maji yanayotiririka kutoka juu na kuyashikilia. Hakuna mfereji, hakuna pampu. Kinachotakiwa ni udongo usiopitisha maji, na itogolo ni udongo wa namna hiyo. Kasoro iliyoifanya itogolo idharauliwe kwa mahindi na pamba ndiyo sifa inayoitafutisha kwa mpunga. Maksai na plau ndivyo vilivyowezesha kuvunja tabaka lile la juu ambalo jembe la mkono lilishindwa.

Pamba nayo ilichangia. Biashara yake ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi katika msimu wa 1994/95, vyama vya ushirika vilivyokuwa vimekwishaelemewa na madeni vilidhoofika zaidi, na mkulima akabaki na zao linalohitaji dawa za wadudu za gharama na bei inayopangwa na soko la dunia. Mpunga haukuwa na masharti hayo. Unaliwa nyumbani bei ikiwa mbaya, unauzwa ikiwa nzuri, na wanunuzi ni wengi: Mwanza, Dar es Salaam na hata nchi jirani. Mkazi wa mjini anayeulizia mchele wa Shinyanga au wa Kahama sokoni ni sehemu ya mabadiliko hayo.

Kwa hiyo itogolo, ambayo babu aliiacha kwa ng'ombe kwa kuwa haikuwa na kazi nyingine, imekuwa ardhi inayotafutwa kuliko nyingi. Na hapo urithi unaingia. Chukua mfano wa mzee mwenye ngitili ya ekari 12 na wana wanne. Akifariki na ngitili ikagawanywa sawa, kila mmoja atapata ekari tatu. Ekari tatu za nyasi hazilishi kundi la ng'ombe. Ekari tatu za majaruba zinalisha nyumba na kusomesha mtoto. Kila mwana, akipiga hesabu yake peke yake, atainua matuta. Wote wanne watakuwa wamefanya uamuzi wa busara, na ngitili itakuwa imekwisha.

Tatizo linaonekana Novemba. Mpunga unahitaji maksai wa kulima, na maksai wanahitaji kula Septemba na Oktoba, miezi ambayo hakuna nyasi mahali pengine isipokuwa ndani ya ngitili. Maksai walioukosa mlo huo huingia msimu wa mvua wakiwa wamekonda. Jaruba huchelewa kulimwa, mpunga huchelewa kupandwa, na katika nchi ambayo mvua zake huweza kukatika mapema, zao lililochelewa ni zao lililokwisha kupoteza sehemu ya mavuno. Huko juu kwenye luseni, ng'ombe wakipungua samadi hupungua, na karanga na viazi hupungua pamoja nayo.

Kwa maneno mengine, mpunga unaila ngitili, na wakati huohuo unaitegemea. Hakuna mkulima mmoja anayeweza kuurekebisha mzunguko huo kwa kuacha kulima, kwa kuwa jirani yake atalima.

Wenye ng'ombe wengi hutafuta njia ya kutoka. Kwa miongo kadhaa wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia Rukwa, Usangu na Bonde la Kilombero. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika Bonde la Ihefu, wengi wao wakiwa Wasukuma, kwa hoja ya kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu yanayojaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na baadhi wakapelekwa hadi Lindi. Mkazi wa Dar es Salaam aliyekaa gizani wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2006 hakuwa na sababu ya kuifikiria ngitili ya Shinyanga. Hata hivyo, kila hekta ya nyasi inayotoweka Usukumani ni mzigo unaotuliwa mahali pengine nchini.

Sheria inaona nini

Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika Mei 1, 2001. Ziliigawa ardhi ya nchi katika makundi matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya vijiji. Ndani ya kijiji, sheria inataja sehemu tatu tena: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi inayokaliwa na kutumiwa na watu binafsi au familia, na ardhi ya akiba itakayogawiwa baadaye. Halmashauri ya Kijiji huisimamia kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 ikaongeza utaratibu wa kijiji kuandaa ramani inayoonyesha makazi yako wapi, kilimo wapi, malisho wapi na misitu wapi.

Mfumo huo una faida kubwa, na katika nchi nyingi za Afrika wanakijiji hawana mamlaka ya namna hiyo juu ya ardhi yao. Ugumu wake Usukumani ni kwamba ngitili ya familia haina chumba chake katika jengo hilo. Ikichorwa kwenye ramani kama malisho, majirani watadai kuwa ni ya wote na wataingiza ng'ombe. Ikichorwa kama kilimo, mwenyewe, au mwanawe, ana ruhusa ya kuigeuza majaruba msimu ujao. Ni malisho yenye mwenyewe, na ramani za kawaida zina rangi moja ya malisho na rangi nyingine ya mashamba.

Hati ya haki miliki ya kimila nayo hutolewa kwa kipande. Familia yenye kiwanja luseni, majaruba kwenye itogolo na shamba mbugani, mbali na ngitili yake, inahitaji kupimiwa vipande vinne vilivyo mbalimbali. Mwenye fedha kidogo huanza na kile chenye nyumba au zao. Kile chenye nyasi husubiri, na kipande kisicho na karatasi ndicho huwa cha kwanza kuguswa.

Wanawake wako katika nafasi ngumu zaidi. Sheria ya vijiji inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Lakini Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliwaweka wajane na mabinti nyuma katika urithi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili wa mkoani Shinyanga walionyimwa mali za waume zao kwa kigezo hicho cha mila. Ngitili inapogawanywa, mjane asiye na jaruba wala hati anaweza kupoteza pia kuni, mboga za porini na nyasi za kuezekea ambazo alizipata humo bila kumiliki chochote.

Mgodi nao uko jirani

Kuna sababu ya tatu ya kuharakisha, nayo iko chini ya udongo. Samuye imo katika mkoa wenye almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, na ukanda wa dhahabu unaoanzia Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2000, ukapitia Bulyanhulu na Buzwagi wilayani Kahama. Katika wilaya ileile ya Shinyanga, Mwakitolyo inajulikana kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Reli mpya ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, iliyoanza kujengwa mwaka 2021, nayo inapita mkoani humo.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba karibu na nyumba, karibu na shamba lililolimwa au lenye mazao, na karibu na josho au bwawa. Ni kinga muhimu. Lakini ngitili haikulimwa wala haina zao. Thamani yake yote imetokana na kutolimwa. Machoni mwa mgeni ni pori, na pori halidai idhini wala fidia kwa sauti kubwa.

Yaliyotokea Mwadui yanaonyesha kwa nini jambo hilo haliwezi kuachwa kwa wenye migodi na wenye leseni peke yao. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, na tope likatiririka nje ya mgodi hadi kwenye makazi na mashamba ya watu. Halikuchagua kipande kwa kipande kama hati zinavyoandikwa. Lilifuata mteremko, kama maji yanavyoufuata, kutoka pete ya juu ya mnyororo hadi ya chini.

Hoja ya upande wa pili

Ipo hoja nzito dhidi ya kuilinda ngitili kwa nguvu, nayo inastahili kusikilizwa. Wenye kunufaika zaidi na nyasi ni wenye ng'ombe wengi, na si kila nyumba ina ng'ombe. Kijana asiye na mfugo hata mmoja, akiambiwa asilime mpunga ili nyasi zibaki, ataona kwamba anaombwa kulisha mali ya mwenzake. Tena watu wameongezeka, na mchele ni chakula. Nyasi si chakula cha mtu.

Historia pia inaonya. Amri za kikoloni za miaka ya 1950 kuhusu kupunguza mifugo na namna ya kulima zilikuwa na hoja za kitaalamu nyuma yake, lakini zililetwa kwa faini na mahakama. Wasukuma walizikataa, na kufikia mwaka 1958, wakati Geita ikitokota kwa siasa, usimamizi wa amri hizo ulikuwa umevunjika. Katazo jipya la kugeuza ngitili kuwa majaruba, likitoka wilayani au mkoani, litapata mwisho kama huo.

Lakini kati ya kukataza na kuacha kila kitu kiende kuna nafasi pana. HASHI ilifanya kazi ndani ya nafasi hiyo kwa miaka 18.

Hatua ya kwanza ni ramani. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji unaweza kuchorwa kwa kufuata ngazi ya udongo na majina yanayojulikana na wenyeji, badala ya kuanza na rangi za kilimo na malisho zilizotoka ofisini. Mkutano Mkuu wa Kijiji ukiulizwa itogolo ipi imekwisha kuwa majaruba na ipi bado ni ngitili, utajibu kwa usahihi kuliko picha ya setilaiti, kwa kuwa kila mtu anaijua ya jirani yake.

Ya pili ni hati. Sheria ya vijiji inaruhusu haki ya kimila kushikwa na familia au kikundi cha watu kwa pamoja. Wale wana wanne wa mfano wa hapo juu si lazima wagawane ekari 12. Wanaweza kupewa hati moja ya ngitili, pamoja na mama yao na dada zao, na kukubaliana siku ya kufungua na idadi ya ng'ombe. Mwenye kutaka kulima mpunga atafute itogolo iliyokwisha kuinuliwa matuta, na atumie samadi kuongeza mavuno humo badala ya kuongeza ekari.

Ya tatu ni sheria ndogo za kijiji. Kanuni za dagashida zina nguvu ya heshima, lakini mbele ya baraza la ardhi au mthamini wa fidia heshima haitoshi. Ngitili ikitajwa kwa jina katika sheria ndogo, kwamba ni matumizi ya ardhi yenye mwenyewe, yenye majira na yenye thamani, mthamini hataweza kuiandika pori. Na asiye na ng'ombe apewe haki yake humo iandikwe: kuni, asali, nyasi za kuezekea.

Mambo hayo hayahitaji sheria mpya kutoka Dodoma. Yanahitaji maofisa ardhi wa wilaya kukaa siku chache zaidi kijijini, na fedha za upimaji zisizoishia kwenye viwanja vya kando ya barabara. Mwaka 2018 Tanzania iliahidi, chini ya mpango wa Afrika wa kurejesha uoto unaojulikana kama AFR100, kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika. Itakuwa ajabu kwa nchi iliyoahidi hivyo kupoteza kimyakimya zile ilizokwisha kurejesha Shinyanga, eti kwa kuwa hazikupata mstari wake kwenye fomu.

Ugomvi wa mpunga na ngitili hautamalizwa kwa upande mmoja kushinda. Mpunga ukishinda kabisa, utakosa maksai wa kuulima. Ngitili ikishinda kabisa, itakuwa na nyasi nyingi na vijana waliohamia Kahama kutafuta dhahabu. Kinachotakiwa kuamuliwa, kijiji kwa kijiji, ni mpaka upite wapi kwenye ule mteremko, na uamuzi huo ni rahisi zaidi kuufanya wakati bado kuna nyasi upande mmoja wa mpaka.